Baraza la Mbao na Karatasi ya Kibali: Historia Fupi

Leo sitaandika kuhusu Linux wala simu mpya. Kazini tumekuwa tukitengeneza mfumo wa kupokea maombi ya vibali vya ujenzi kwa mteja mmoja, na katika fomu zake kuna kisanduku kidogo kinachouliza sakafu imepangwa kubeba uzito gani kwa kila mita mraba. Mimi nilisomea sayansi ya kompyuta, si ujenzi, kwa hiyo nikataka kujua nambari hiyo hutoka wapi na nani aliamua iwe hiyo. Nilianza kusoma jioni moja, na wiki tatu baadaye nilikuwa bado nasoma, tena habari za baraza za mbao za mji wa Chicago. Nawaletea niliyoyakuta.

Tuanze na jina la kitu chenyewe. Wamarekani wengi wana jukwaa la mbao linalochomoza nyuma ya nyumba, ambako huketi, huchoma nyama na kunywa bia jua likizama. Neno wanaloliitia ni lile lile la sitaha ya meli, kwa hiyo nami nitaliita sitaha. Nduguye mkubwa ni baraza, lenye paa na linalotazama barabara. Baraza sisi tunalijua vizuri. Kule Lamu ni kiti cha mawe kilichojengwa ukutani nje ya mlango, mahali pa kumpokea mgeni bila kumwingiza ndani kwa watu wa nyumbani. Na kwa kuwa wazee walikaa hapo wakaamua mambo, neno lenyewe likapanda cheo hadi tukawa na Baraza la Mawaziri. (Sijui lugha nyingine ambayo mahali pa kunywea kahawa pamefika Ikulu.)

Baraza la Marekani lina wazazi wengi. Wako wanahistoria, John Michael Vlach akiwa mmoja wao, walioonyesha kwamba zile nyumba nyembamba za New Orleans zenye baraza upande wa mbele zilipitia Haiti, na kwamba mizizi yake inarudi Afrika Magharibi kwa watu waliopelekwa huko kama watumwa. Katikati ya karne ya 19 Andrew Jackson Downing aliandika vitabu vya ramani za nyumba, na baraza likawa alama ya nyumba ya mtu anayejiheshimu. Kisha baada ya Vita vya Pili vya Dunia vikaja gari, televisheni na kiyoyozi. Barabara ikawa na kelele, ndani kukawa na baridi nzuri, na watu wakaacha kuketi mbele. Walipotaka hewa walikwenda nyuma ya nyumba, na huko ndiko sitaha ilikozaliwa.

Lakini mbao ikiachwa nje huoza, na hapa historia inapitia India. Mwaka 1933 mwanasayansi Sonti Kamesan alipata dawa ya kuhifadhi mbao iliyochanganywa na shaba, kromi na aseniki. Mbao husukumiwa dawa hiyo kwa shinikizo mpaka iingie ndani, na hutoka na rangi ya kijani kijani. Ukitaka kuiona rangi hiyo, tazama nguzo mpya za stima. Mbao hizi zilipojaa madukani Marekani kuanzia miaka ya 1970, mtu yeyote mwenye msumeno, nyundo na wikendi mbili aliweza kujijengea sitaha. Wengi walifanya hivyo, na wengi hawakumwonyesha mtu mwingine walichokichora. Kama walichora.

Sasa kibali. Wazo la kumwadhibu mjenzi mbaya ni la kale sana. Sheria za Hammurabi wa Babeli, karibu miaka 1750 kabla ya Kristo, zilisema nyumba ikianguka na kumuua mwenyewe, mjenzi auawe. Lakini hiyo ni adhabu, na huja watu wakiwa wamekwisha kufa. Kibali ni kitu kingine: mtu wa pili anatazama kabla. Mfano ninaoupenda ni wa London. Septemba 1666 moto uliteketeza nyumba zipatazo 13,200 mjini humo. Sheria ya kujenga upya ilipitishwa mwaka 1667, na mji ukateua wapimaji. Mmoja wao alikuwa Robert Hooke, yule yule wa kanuni ya springi tuliyoikariri kwenye fizikia ya shule ya upili. Mwenye kiwanja alilipa shilingi 6 na peni 8 kwenye hazina ya mji, akapewa risiti, akampelekea mpimaji. Hooke au mwenzake alikuja na kamba na vigingi, akapima msingi, akaandika cheti. Bila cheti, hakuna kuanza. Lipa, pewa risiti, kaguliwa, pewa karatasi. Miaka zaidi ya 350 imepita na mfumo tunaoujenga sisi hapa kazini una hatua hizo hizo, ila badala ya hazina kuna M-Pesa.

Tena Hooke ndiye mtu aliyefaa. Aliyoyachapisha mwaka 1678 kuhusu springi, kwamba kitu hunyumbuka kwa kadiri ya nguvu inayokivuta, ndiyo hesabu inayotumika hadi leo kujua boriti itapinda kiasi gani ukisimama katikati yake.

Chicago nayo ilijifunza kwa moto. Mnamo Oktoba 1871 mji uliungua, watu wapatao 300 wakafa na takriban 100,000 wakabaki bila makao. Miaka iliyofuata mji ukapiga marufuku nyumba za mbao katika eneo lililokuwa likipanuliwa kila mara, na Chicago ikawa mji wa matofali. Nyumba za ghorofa mbili tatu zikajengwa kwa maelfu, kila ghorofa familia moja. Ila upande wa nyuma, kwenye uchochoro, mbao zilibaki. Kila nyumba ilikuwa na ngazi ya mbao yenye baraza kila ghorofa. Hiyo ndiyo ilikuwa njia ya pili ya kutokea moto ukiwaka. Ndiko yalikopandishiwa makaa na barafu, ndiko nguo zilikoanikwa, na usiku wa joto watu walilala huko. Kwa hiyo baraza la nyuma la Chicago si pambo. Ni ngazi, ni jikoni, ni mlango wa dharura, na katika mitaa ya vijana waliotoka chuoni likawa pia ukumbi wa sherehe.

Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 29 Juni 2003, katika mtaa wa Lincoln Park, vijana walikuwa na sherehe kwenye nyumba ya ghorofa tatu barabara ya Wrightwood. Wengi walikuwa nje barazani, juu na chini. Muda mfupi baada ya saa sita ya usiku baraza la ghorofa ya tatu liliachia, likaangukia la pili, la pili likaangukia la kwanza, na yote yakashuka hadi chini ya usawa wa ardhi. Waliokuwa chini hawakuwa na pa kwenda. Watu 13 walikufa na 57 wakaumia. Hakuna baraza lililoua watu wengi hivyo katika historia ya Marekani.

Maelezo ya kwanza yaliyosikika yalikuwa kwamba watu walizidi. Habari za wakati ule zilitaja watu wapatao 50 kwenye lile la juu. Na ukisikia hamsini kwenye baraza la nyuma ya nyumba, unatikisa kichwa, unasema vijana wa siku hizi. Nami nilifikiri hivyo, mpaka nilipofungua kikokotoo.

Wakaguzi wa jiji walisema baraza lile lilikuwa na futi mraba 231, yaani kama mita mraba 21.5. Kanuni za makazi zinazotumika sehemu kubwa ya Marekani hutaka sitaha ipangwe kubeba pauni 40 kwa kila futi mraba, sawa na kilo 195 kwa mita mraba, mbali na uzito wa mbao zenyewe. Zidisha: kilo 4,190 hivi. Mtu mmoja tumpe kilo 75. Unapata watu 55 au 56. Ina maana hata kwa kiwango cha chini cha nyumba ya kawaida, watu 50 waliotawanyika sakafuni wangepaswa kubebwa. Na mwongozo wa baraza ambao jiji la Chicago lilitoa baada ya ajali unataka pauni 100, yaani kilo 488 kwa mita mraba. Kwa hesabu hiyo baraza la ukubwa ule lingepangwa kwa ajili ya watu 140. Huwezi kuwapanga watu 140 pale hata wakishikana kama ndani ya matatu ya saa kumi na mbili jioni. Hiyo ndiyo maana ya nambari katika kisanduku chetu: sakafu ipangwe hivi kwamba ikijaa watu mpaka pasiwe na pa kukanyaga, bado isimame. Mgeni wa sherehe hapaswi kuhesabu vichwa kabla ya kutoka nje kupata hewa.

Basi kilichoanguka ni nini? Kwa mujibu wa jiji, baraza lile lilijengwa mwaka 1998 bila kibali kilichotakiwa. Lilichomoza futi 11 kutoka ukutani wakati kanuni ziliruhusu 10, na eneo lake lilizidi kikomo cha futi mraba 150. Mbao za kubebea sakafu zilikuwa nyembamba kuliko inavyofaa, na namna lilivyoshikizwa ukutani haikutosha. Ukilitazama kwa macho kutoka uchochoroni ungeona baraza jipya, safi, pana kuliko la jirani. Kesi za fidia ziliendelea miaka 10, na mwaka 2013 zikamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 16.6.

Hapo kwenye ukuta ndipo ningependa tukae kidogo, kwa sababu sitaha nyingi zilizoanguka Marekani ziliachia hapo. Sitaha ya kawaida ina nguzo upande wa nje tu. Upande wa ndani, nusu ya uzito wote hubebwa na ubao mmoja mrefu uliofungwa kwenye ukuta wa nyumba, na boriti zote huegemea ubao huo. Ukiufunga kwa misumari, siku ya kwanza hakuna shida. Msumari ni mgumu kukatika kwa uzito unaoshuka wima. Lakini watu wakicheza muziki, wakiegemea kizuizi cha nje, sitaha huvutwa mbali na nyumba, na msumari huchomoka vile vile ulivyoingia, kidogo kidogo. Mvua nayo hupita nyuma ya ubao, ukuta unaoza mahali pasipoonekana. Kinachotakiwa ni bolti zinazopita upande wa pili, au skrubu nene za inchi nusu, pamoja na bati la kuzuia maji juu yake.

Ajabu ni kwamba kanuni zenyewe zilichelewa kusema hivyo kwa nambari. Kitabu cha kanuni za nyumba za makazi kinachofuatwa karibu Marekani nzima kilitoka mara ya kwanza mwaka 2000, na hutolewa toleo jipya kila miaka 3, kama programu yoyote. Toleo la kwanza lilikataza kutegemea misumari inayoweza kuchomoka, likataka sitaha ifungwe imara. Imara ni kiasi gani? Mhandisi ahesabu. Lakini mwenye nyundo na wikendi mbili hana mhandisi. Ni baada ya watafiti wa vyuo vikuu vya Virginia Tech na Washington State kujenga vipande vya sitaha maabara na kuvikandamiza mpaka vikavunjika, ndipo toleo la 2009 likapata jedwali: boriti zako zikiwa na urefu wa futi 6, weka skrubu ya inchi nusu kila baada ya inchi 30, zikiwa futi 10, kila inchi 18, zikifika 18, kila inchi 10. Fundi anatazama, anapima, anatoboa. Mimi nimesoma nyaraka nyingi za programu maishani, na ni chache zinazoeleweka kama jedwali hilo.

Mwaka ule ule wa 2003 kulitokea jambo jingine. Kwa sababu ya aseniki, watengenezaji walikubaliana na mamlaka ya mazingira ya Marekani kuacha kutumia dawa ya Kamesan kwa mbao za nyumbani kufikia tarehe 31 Desemba 2003. Dawa zilizochukua nafasi yake hazina aseniki ila zina shaba nyingi zaidi, na shaba hula chuma. Misumari na vishikizo vilivyodumu miongo ndani ya mbao za zamani vilianza kuliwa na kutu haraka ndani ya mbao mpya, mpaka kanuni zikataka chuma kilichochovywa kwenye zinki ya moto au chuma kisichoshika kutu. Wale wenzangu mnaoandika programu mtaitambua hadithi hii. Unabadilisha maktaba moja kwa sababu nzuri kabisa ya usalama, na kitu kingine mbali huko, ambacho hakuna aliyekigusa, kinaanza kuvunjika.

Je, siku hizi Mmarekani akitaka sitaha hufanya nini? Hutegemea mji, lakini kwa kawaida huchora kiwanja chake akionyesha umbali hadi mpaka wa jirani, kisha mchoro wa boriti, nguzo na jinsi zinavyoungana. Analipa, anasubiri. Kisha mkaguzi huja zaidi ya mara moja. Ziara ya kwanza ni muhimu kuliko zote nayo haina cha kuvutia: anachungulia mashimo ya nguzo kabla zege halijamwagwa. Chicago mashimo hushuka inchi 42, zaidi ya mita moja, kwa sababu wakati wa baridi maji yaliyo ardhini huganda, udongo ukafura na kuisukuma juu nguzo fupi kama jino bovu. Akishamaliza mashimo hurudi kutazama boriti na vishikizo kabla havijafunikwa, halafu mwisho vizuizi na ngazi. Sakafu ikiwa zaidi ya inchi 30 kutoka ardhini lazima iwe na kizuizi, na mwanya kati ya fito usipitishe mpira wa inchi 4, kipimo kinachozuia kichwa cha mtoto mchanga. Sitaha ndogo, isiyozidi futi mraba 200, iliyo chini, ambayo haikushikizwa kwenye nyumba wala haiko kwenye mlango wa kutokea unaotakiwa, kwa kanuni hizo za jumla haihitaji kibali. Naona ni mpaka wa busara. Sitaha ya namna hiyo ikivunjika unachafua suruali.

Nisiwadanganye lakini kwamba karatasi inatosha. Tarehe 16 Juni 2015, mjini Berkeley, California, roshani ya jengo lililokamilika mwaka 2007 ilivunjika wakati wa sherehe ya kuzaliwa. Wanafunzi na vijana 6 walikufa, 5 kati yao wakiwa wametoka Ireland kwa kazi za msimu wa kiangazi, na 7 wakaumia vibaya. Jengo hilo lilikuwa na vibali na lilikaguliwa. Maji yalikuwa yameingia ndani ya mbao, na katika miaka 8 tu zikaoza zikawa kama mkate uliolowa, huku juu zege na chini lipu vikiwa vizuri kabisa. Kibali kilitazama siku moja ya maisha ya ile roshani. Mwaka 2018 California ilipitisha sheria inayotaka roshani na ngazi za mbao za majengo ya kupanga zikaguliwe kila miaka 6. Tarehe ya mwisho ya ukaguzi wa kwanza ilikuwa Januari 2025, ikasogezwa hadi Januari 2026.

Kwetu Kenya sitaha za mbao si nyingi, roshani zetu ni za zege. Lakini kisanduku ni kile kile. Jengo la Huruma lililoanguka tarehe 29 Aprili 2016 na kuua watu 52 lilikuwa limejengwa bila idhini, na lilikuwa tayari limewekewa alama ya kubomolewa. Nairobi ilikuwa imeanza kupokea michoro kwa mtandao tangu 2011. Kanuni za ujenzi za mwaka 1968 zilikaa zaidi ya nusu karne kabla ya Kanuni mpya za Taifa za 2024 kuchukua nafasi yake. Linganisha na toleo jipya kila miaka 3.

Kuna kifungu kimoja ambacho bado kinanikosesha usingizi kidogo, nami nimekisoma mara nyingi kwa kuwa inabidi tukiandike katika mfumo. Sheria ya mipango ya mwaka 2019 inasema mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, ichukuliwe kwamba ruhusa imetolewa. Naelewa kwa nini: anayesubiri bila jibu hupoteza pesa, na ukimya umekuwa mlango wa hongo kwa miaka mingi. Lakini sisi tunaojenga mifumo tumefundishwa kinyume chake, kwamba mlinzi akisinzia mlango ubaki umefungwa. Kwa sasa tumeweka hivi: siku ya 45 mfumo unamtumia ujumbe mkaguzi na mkubwa wake, siku ya 55 tena, na ya 60 ikifika, rekodi inaandikwa wazi kwamba hakuna binadamu aliyetazama mchoro huu. Mteja aliuliza kama sentensi hiyo ya mwisho ni lazima. Tumeiacha ilivyo, na mkutano uko Jumanne.